Siku Alipomwita Mkwe Wake “Wewe!”

Mashine hazijaanza kunguruma, naye tayari yuko juu ya ngazi, ufagio laini mkononi, akikusanya unga uliotulia juu ya mhimili wa chuma. Anauvuta taratibu na kuushushia kwenye ndoo yenye kifuniko. Hautimki hata kidogo.

Katika kiwanda hiki cha kusaga ngano wanamwita Mama Usafi. Jina hilo analipenda, ingawa nusura limtokee puani.

“Zamani nilikuwa napuliza,” anasema, akishuka huku akishika kiuno. “Nachukua mpira wa kupulizia upepo, puu! Juu kunang’aa, vumbi likishuka nalifagia chini. Nani apande ngazi na magoti haya?”

Mwaka jana bomba la kupitishia unga lilipasuka, mashine zikazimwa, akaitwa fundi wa kuchomelea. Fundi mwenyewe ni mume wa binti yake, mkwe anayeheshimiana naye mno. Wakisalimiana, kila mmoja hutazama sakafu.

Mama Usafi hakutaka aibu. Mkwe aje akute vumbi mahali anapofanyia kazi mama mkwe anayejisifu kwa usafi? Akaushika mpira, akapuliza kila pembe.

Chumba kikawa ukungu mtupu. Mkwe akaingia humo humo, akapiga magoti penye bomba, akashusha kinyago cha kuchomelea usoni.

Hapo ndipo maneno ya msimamizi wa usalama yalipomrudia Mama Usafi. Wiki hiyo hiyo alikuwa amewaeleza wafanyakazi kwamba unga ukiwa guniani umetulia, lakini ukitanda hewani ndani ya chumba, cheche moja inaweza kuulipua na kung’oa paa.

“Mimi nilicheka,” anasema. “Unga wa mkate ulipuke?”

Siku hiyo hakucheka.

“Wewe! Acha! Usiwashe!” alipiga kelele, akamrukia mkwe, akamkwida shati na kumburuta hadi nje.

Umeme ulikatwa, watu wakatolewa, vumbi likaachwa litulie. Hakuna aliyepata hata mkwaruzo.

“Nilidhani mama amechanganyikiwa,” anakumbuka fundi. “Nilipoelezwa, nikawaza nyumbani. Mke wangu alikuwa mjamzito, karibu kujifungua.”

Mama Usafi anajifunika uso kwa viganja. “Nikamwita mkwe wangu ‘wewe’! Na shati likachanika!” Anacheka mpaka anafuta machozi, kisha sauti inashuka. “Ningemwambia nini mwanangu? Kwamba nilikuwa nampambia mumewe chumba?”

Mpira wa upepo umeondolewa. Wakubwa wa kiwanda wameahidi kuleta mashine ya kufyonza unga, iliyotengenezwa isitoe cheche, na yeye ameomba awe wa kwanza kufundishwa kuiendesha.

“Ikija, ngazi hii naipa talaka,” anasema. “Nataka nistaafu na magoti yangu, nimbebe mjukuu mgongoni.”

Mjukuu ni wa kike, ameanza kutambaa. Bibi anasema anapenda kuchezea unga jikoni, na kwamba hilo litabidi walizungumze mapema.

Leo fundi amerudi kuchomelea reli ya kushikia kwenye ngazi. Mashine zimezimwa, chumba kimefagiliwa, msimamizi ameshakagua na kuridhika. Hata hivyo fundi amesimama mlangoni, macho sakafuni.

“Mama, niwashe?”

Mama Usafi anapitisha kidole juu ya mhimili. Anakitazama. Anakipitisha tena.

“Haya, baba,” anasema. “Sasa washa.”