Maboma ya Kati ya Vijito

Mapema mwaka wa sitini na tatu, uchaguzi ukikaribia, karani wa mipaka alifika kijiji kimoja kando ya Asembo Bay na ramani yake kwapani. Aliyeitwa kumtembeza alikuwa Laban Otuoma, mzee wa kijiji kwa miaka tisa. Hakuna aliyemshinda kujua nani analima wapi, nani alihamia lini.

Kata mpya ingeishia kwenye kijito. Ramani ilionyesha kijito kimoja. Pale palikuwa na viwili, na katikati yake maboma kumi na mawili.

"Mzee, mpaka wenu ni upi?" karani akauliza.

Tangu enzi za babake Laban, mpaka ulikuwa kijito cha mbali. Lakini kwenye maboma yale aliishi Ogola, mume wa Dorca, dada yake Laban. Ogola alikuwa fundi wa mashua aliyependwa na watu, na tayari walikuwa wakisema yeye ndiye angewafaa kwa udiwani. Kiti hicho Laban alikitaka mwenyewe. Akanyoosha mkono kwenye kijito cha karibu, maboma yale yakabaki nje ya kata. Karani akachora, Laban akatia sahihi, na siku ya kuandikisha wagombea ilipofika akapita bila kupingwa.

Miaka miwili baadaye mvua ilikataa. Mtama ukakauka ungali wa magotini. Serikali ikaleta mahindi ya manjano, yakawa yanagawiwa ofisini kwa chifu, kata kwa kata. Siku ya kwanza Dorca alisimama juani tangu asubuhi, mtoto wake Benta mgongoni. Majina yakasomwa hadi la mwisho, lake halimo. Diwani Laban, aliyekuwa kando ya msoma majina, alikuwa akitazama magunia. Baadaye alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mgao wao uko kata ya pili.

Dorca akaenda kwa miguu siku nzima, akarudi mikono mitupu. Huko walimweleza, tena kwa upole, kwamba kata yao inaanzia ng'ambo ya kijito cha mbali.

"Wao wanasema sisi si watu wao," alimwambia kaka yake. "Nyinyi mnasema si wenu. Basi tuko wapi, ndugu yangu?"

Laban alimpa nusu debe kutoka ghala lake. Dorca akaligawa kwa majirani jioni ileile.

Laban alipanda basi hadi Kisumu, akaingia ofisi ya mipaka, akasema kwamba ramani ilikuwa na kosa. Bwana wa ofisi akamuuliza kosa ni la nani. Njia nzima Laban alikuwa amejiandaa kwa swali hilo, lakini ulimi ukamsaliti. Akasema ni la karani. Basi, akaambiwa, ataandikiwa karani huyo, ambaye amehamishwa, na jibu lake lingojewe.

Jibu likangojewa wiki tano. Surua ikaingia kwenye maboma yale, ikakuta watoto hawana nguvu ya kuugua. Wanne walikufa. Wa tatu alikuwa Benta.

Laban alikwenda kwenye mazishi akasimama nyuma. Ogola, ambaye hakuwa amewahi kumnyima neno, alimpita kama anayepita mti. Kesho yake Laban alirudi Kisumu.

"Mimi ndiye niliyeonyesha kijito kisicho cha mpaka," alisema. "Nilijua."

Yule bwana akavuta karatasi akaandika. Barua ilijaa nusu ukurasa. Siku ya sita, mahindi yalifika.

Laban aliacha udiwani, na kijito cha mbali kikarudi kuwa mpaka. Lakini maboma saba yalikuwa yamekwisha kuhamwa. Dorca na Ogola walikwenda Manyatta, mjini Kisumu, ambako Ogola alitengeneza vitanda na meza.

Laban aliwatembelea mara moja, mwaka wa sabini na moja. Dorca alimkaribisha vizuri. Alimpa kiti chenye mto, akamchemshia chai ya maziwa, akauliza habari za mashamba. Wakati wote alimwita Mzee Laban, kama anavyoitwa na wageni. Laban alipoondoka, Dorca alimsindikiza hadi mlangoni tu, akarudi ndani kuosha vikombe.