Shabiki Asiyeutazama Mpira

Saa tisa alasiri, dakika kumi kabla ya mchezo wa mwisho wa fainali ya mpira wa kikapu, mwanamke wa miaka arobaini na sita amepiga magoti chini ya kikapu. Anaipapasa sakafu kwa mgongo wa kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Bado ina unyevu," anasema, na kulivuta dekio lake.

Ukumbi mzima unamwita Mama Deki. Ndiye anayefuta jasho uwanjani mpira unaposimama, na wachezaji wanapohamia upande wa pili. Hapo ana sekunde nne: kuingia, kufuta, kutoka. Akichelewa, anapitiwa na mtu wa kilo mia.

Tatizo ni kwamba yeye ni shabiki wa kufa na kupona wa timu ya Kijani, na akiwa kazini haruhusiwi hata kupiga kofi. Kijani walifungwa michezo miwili ya kwanza ya fainali hii, mji mzima ukawacheka, kisha wakashinda miwili iliyofuata. Leo ni wa tano. Atakayeshinda anabeba kombe, na Kijani hawajaligusa kwa miaka kumi na tisa.

"Tangu asubuhi sijala," anamnong'oneza mwandishi wa habari hii. "Hilo usiliandike, msimamizi wangu anasoma gazeti."

Mpira unarushwa. Mama Deki hautazami. Anatazama miguu.

Miaka minane iliyopita aliutazama. Ulikuwa hewani, akaufuata kwa macho kama shabiki yeyote, na jasho kidogo likabaki sakafuni. Msichana wa timu ya wanawake akalikanyaga. Goti likaachia. Hakucheza tena.

"Nilikwenda kumwona hospitali. Akaniambia, 'Dada, si kosa lako.' Bora angenitukana, ningepona mapema."

Kufikia mapumziko, Kijani wako nyuma kwa pointi kumi na tisa. Mashabiki wa Bluu wanaona raha ya dunia. "Mama Deki! Wafute wenzako machozi!" Anatabasamu kwa mdomo tu. Jukwaani, mumewe, ambaye ni seremala, ameshajifunika uso kwa kofia.

Robo ya tatu inapokaribia kwisha, Mama Deki anaona jambo ambalo jukwaa halijaliona.

"Angalia visigino vya Bluu," anamwambia mwandishi, midomo ikicheza kidogo tu. "Mwanzo walikuwa wanakimbia kwa ncha za vidole. Sasa visigino vinagusa chini. Hawa wamechoka, ila hawajaambiwa."

Wanaambiwa. Kumi na tisa inakuwa kumi na moja. Sita. Moja. Kelele zimejaa ukumbini hadi refa anapuliza filimbi mara mbili ndipo asikike.

Zimebaki sekunde ishirini na mbili. Mlingoti, mfungaji hatari wa Bluu, anaanguka chali upande wa Mama Deki akigombea mpira. Kijani wanaunyakua na kukimbia nao upande wa pili. Mlingoti anainuka na kuwafuata. Nyuma yake limebaki jasho la upana wa sahani, palepale konani anapopenda kurushia.

Watu elfu mbili wanatazama kule mpira ulikokwenda. Mmoja tu ameliona jasho lile, naye ni Kijani.

Anasimama na taulo la kufutia mkononi. Haendi. Sekunde moja inapita.

"Nilijua atarudi palepale na atateleza," anakiri baadaye. "Wanasema shetani hunong'ona. Wangu alikuwa anapiga kelele."

Kisha anaingia mbio, anapiga magoti, anafuta kwa mikono miwili. Ukumbi unalipuka mgongoni pake, sakafu inatetemeka chini ya viganja vyake. Kijani wamefunga, wanaongoza kwa pointi moja. Yeye hajaona kitu. Anatoka huku miguu ya Bluu ikimjia.

Mlingoti anapokea mpira konani. Anaruka, anarusha, anatua pakavu.

"Miguu ilitua vizuri kabisa," Mama Deki anakumbuka. "Nikajisemea, basi, umeingia. Nimewamaliza wenzangu kwa taulo."

Mpira unazunguka ukingo wa kikapu mara mbili, unatoka nje. King'ora cha mwisho kinalia.

Siku tatu baadaye, nyumbani kwao, mumewe bado hajamsamehe.

"Ungemwacha ateleze, mama watoto. Presha yangu ingekaa chini."

"Na goti lake ungelichonga wewe?"

Seremala anapima goti lake mwenyewe kwa macho. "Ningejaribu."

Kinachomuuma Mama Deki ni kingine. Huko ndiko kurudi mchezoni kukubwa kuliko kote alikokuona, miaka kumi na minne ya kazi, na kikapu kilichowapa kombe hakukiona. Kila jirani anamwonyesha kwa mikono. Huyu anasema nahodha wa Kijani alirusha kwa kushoto, yule kwa kulia. Mumewe anadai ilikuwa kwa mikono miwili, lakini wakati huo alikuwa ndani ya kofia.

Ameshaomba ruhusa ya siku moja, mchezo wa kwanza wa msimu ujao. Tiketi ya viti vya katikati ni malipo yake ya mechi tatu. Msimamizi amemkubalia, sharti amtafute wa kumshikia zamu, na amemtafuta.

"Wakitaka wafungwe hata kwa hamsini, shauri yao," anasema. "Mimi ninachotaka ni kikapu kimoja tu kiingie nikiwa nimekaa, macho juu."