Kumfuata Mkunga hadi Maporomoko ya Tana

Safari yangu ilianza kwa neno moja lililoeleweka vibaya. Mwanamke wa Kizungu alishuka kutoka kwenye Landrova pale Majengo, mtaa wetu sisi Waislamu wa mji wa Embu, akawauliza wauza nyama kwa Kiswahili chake cha vitabuni: "Natafuta mkunga." Hawakusita. Wakamleta mpaka mlangoni kwangu, kwa sababu mkunga wa mtaa ni mimi, Halima binti Saidi, niliyewapokea duniani nusu ya watoto waliokuwa wakikimbia nyuma ya gari lake.

Nilimtazama tumbo. Alikuwa mwembamba kama ufito. "Una miezi mingapi?" nikamuuliza.

"Minne," akajibu kwa furaha, "tangu niliposhuka meli Mombasa."

Tulizungushana hivyo kwa muda, hadi alipochutama akachora mavumbini mnyama mrefu mwenye pezi moja linalozunguka mwili mpaka mkiani. Hapo nikaelewa. Alikuwa akimtaka mkunga wa majini, yule samaki anayefanana na nyoka, ambaye watu wetu wakimwona mtoni hukimbia. Tulicheka mpaka baba akatoka ndani kuuliza kulikoni.

Jina lake Ruth, naye alikuwa dokta wa samaki, si wa watu. Alipokwisha kunywa chai alinieleza jambo lililoninyima usingizi. Mikunga wamejaa katika mito inayoshuka Mlima Kenya, alisema, lakini hakuna aliyewahi kumpasua mmoja akamkuta na mayai yaliyokomaa. Wanaishi huku, wananenepa, kisha siku moja wanatoweka. "Nadhani wanashuka mpaka baharini kuzaa," akasema. "Nimeanza kuwatia alama ili niwafuate."

Mimi nimezalisha wanawake kando ya barabara, shambani kwenye mahindi, hata nyuma ya lori la askari. Lakini mama anayetoka mlimani kwenda kujifungulia baharini sikuwahi kumsikia.

Alihitaji mtu wa kumpikia na kumtafsiria Kiembu na Kimeru, tena mtu anayeruhusiwa kusafiri. Ilikuwa Emajensi, ile hali ya hatari Waingereza walipopigana na Mau Mau. Mwembu au Mmeru hakuweza kuvuka lokesheni yake, eneo alikoandikishwa, bila pasi mkononi. Baba yangu ni Myao aliyekuja na jeshi akabaki kuchinja ng'ombe, kwa hiyo sisi tuliandikwa Waswahili, na lugha za huku nilizipata kwa mama, Mmbeere. Nilikuwa nimechoka kuona kizuizi kilekile cha barabarani kila asubuhi. Baba akasema, "Nenda ukaone. Ukirudi unihadithie."

Asubuhi ya kwanza tulianzia Rupingazi, mto wetu wenyewe. Dereva, Mkamba mpole aliyeitwa Mutua, alikuwa ametega migono chini ya mawe tangu jioni. Alipouinua mmoja, ndani kulikuwa na mkunga mnene kama mkono wa mwanamume, mgongo wa rangi ya matope, tumbo la manjano. Dokta Ruth alimtia kwenye ndoo yenye dawa ya usingizi, akangoja alegee, kisha akapitisha uzi mwembamba wa fedha katika nyama ya mgongo na kufunga kibati kidogo chenye namba. Mikono yake ilifanya kazi upesi na kwa upole, kama ya mtu anayekata kitovu. Alimrudisha majini, akamshikilia akielekea mkondo mpaka alipoamka. Samaki yule akajinyoosha, kibati kikamulika mara moja, akapotea.

Ng'ambo, wanawake waliokuja kuchota maji wakilindwa na homgadi, askari wa vijijini wa serikali, walikuwa wameacha madebe yao kutazama. "Mnampa nyoka hereni?" mmoja akaniuliza kwa Kiembu, na wenzake wakacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona watu wale wakicheka tangu wahamishiwe kwa nguvu katika kijiji cha Emajensi.

Kutoka Embu kwenda Chuka barabara inapanda na kushuka bila kuchoka, na kila unaposhuka kuna mto. Ena, Thuci, Nithi, yote imetoka mlimani upande wa kushoto, yote inateremkia Tana upande wa kulia. Nilikuwa nimeipita barabara ile zamani bila kuijali mito. Safari hii tulisimama kwenye kila daraja. Baina ya mto na mto tulipita vijiji vilivyozungukwa na mahandaki yenye miba ya mianzi, na watu waliotutazama bila kupunga mkono.

Tulipofika kwenye kijiji kimoja ng'ambo ya Nithi, ambacho sitakitaja jina, mwanamke kijana alinifuata nilipokuwa nikiosha sufuria. Aliitwa Ciambaka. Alikuwa na mtoto mgongoni na alizungumza kwa kunong'ona, macho yakiwa kwa askari.

"Mama, wewe ndiwe unayetembea na yule anayefunga samaki vibati?"

"Ndimi."

"Basi mume wangu atakufa kwa ajili ya kibati chenu."

Dokta Ruth alikuwa ametia alama mikunga wa mto ule mwanzoni mwa mwaka, kabla hajanijua. Mume wa Ciambaka, Mutegi, alimpiga mmoja kwa fimbo akidhani ni nyoka, akaona kitu kinang'aa, akakichukua na kumvisha mtoto shingoni. Homgadi wakakiona. Chuma chenye namba! Wakasema ni alama ya watu wa msituni, wakamfungia Mutegi katika kituo chao. Kesho yake angepelekwa Meru kuhojiwa, na waliopelekwa kuhojiwa hawakurudi upesi.

"Hilo ni jepesi," nikamwambia. "Dokta ataeleza."

"Si jepesi." Akasogea mpaka nikasikia pumzi yake. "Hakumpata hapa. Alimpata chini kabisa, mto Mutonga unapokaribia kuingia Tana. Alitoka bila pasi kumpelekea mama yake nafaka ya uwele, huko Tharaka. Wakijua alikuwa huko, watamfunga kwa hilo."

Nilimwendea Dokta Ruth nikamweleza habari ya kifungo, lakini habari ya Tharaka nikaimeza. Aliinuka papo hapo. Mutua alichota kwa ndoo mkunga mmoja aliyekwisha kutiwa alama, kutoka kwenye pipa la samaki tulilobeba garini, tukaenda kituoni.

Mkubwa wa kituo alikaa mezani, kile kibati kikiwa mbele yake kama risasi. Mutegi alitolewa nje. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja. Dokta Ruth aliiweka ndoo chini na kuondoa kifuniko. Mkunga akainua kichwa. Homgadi waliruka nyuma, mmoja akaangusha mkuki.

"Mtazameni mgongoni," nikasema.

Mkubwa aliinama taratibu. Akasoma namba ya samaki, akasoma ya kibati cha mezani, akarudia. Uzi uleule, chuma kilekile. Kisha akauliza, "Yaani hata samaki siku hizi anabeba kipande cha pasi?"

Kicheko kiliwatoka askari wake kama maji yaliyozuiwa. Nami nilianza kupumua. Lakini yeye mwenyewe hakucheka. Alimgeukia Mutegi. "Na wewe, huyo wako ulimpata wapi?"

Dokta Ruth alinishika mkono. "Ndiyo, Halima! Muulize! Wapi hasa?" Macho yake yaling'aa kama ya mtoto. Kati ya mikunga wote aliowatia alama, huyu alikuwa wa kwanza kupatikana tena, na jibu la Mutegi ndilo lingemwonyesha kama mawazo yake yana ukweli.

Mutegi alinitazama mimi. Sijui alijuaje kwamba najua. "Hapo chini," akasema kwa Kichuka, "tunapochota maji."

Dokta Ruth alingoja tafsiri yangu. Nilimtazama Ciambaka nje ya mlango na mtoto wake mgongoni. "Anasema ni hapo wanapochota maji," nikasema.

Mkono wa Dokta Ruth uliniachia. "Ndipo nilipomfunga kibati," akasema polepole. "Basi hakwenda popote."

Mutegi aliachiwa jioni ile. Mkewe hakukimbia kumlaki, maana kukimbia kulikuwa hatari siku zile. Alisimama tu, akampa mtoto ambebe.

Kesho yake tuliiacha barabara kuu tukateremka Tharaka. Baridi ya Chuka ilibaki nyuma, ardhi ikawa nyekundu, halafu ya mawe, na joto likaingia garini kama mgeni asiyebisha hodi. Nilitazama nyuma kuhakikisha vumbi letu halifuatwi na gari lolote, ndipo nikasema:

"Dokta, yule samaki alipatikana Mutonga, karibu na Tana."

Alimwambia Mutua asimamishe gari. Nilimweleza yote, uwele, mama mzee, pasi isiyokuwapo. Nilitegemea atanikasirikia. Alishuka, akatembea hatua chache juani, akasimama ametupa mgongo. Aliporudi mashavu yake yalikuwa yamelowa, lakini alikuwa akitabasamu.

"Njia yote ile," akasema. "Mawe yote yale, maporomoko yote yale, na kibati mgongoni." Kisha akapanda garini. "Nikiandika mahali pale, watu watauliza ni nani alikuwa huko."

"Watauliza."

"Basi sitaandika. Tutatafuta kwa macho yetu wenyewe."

Mchana tulifika kwa mama yake Mutegi. Tulimkuta akipepeta nafaka mbele ya nyumba. Nilimwamkia, "Muga," naye akaitika bila kuinua macho, akihofu gari. Nilipomnong'oneza kwamba mwanawe ametoka salama, aliweka ungo chini na kushika goti langu kwa mikono miwili. Hakuuliza zaidi. Alitupikia uji wa uwele, mzito, mchachu kidogo, na kutuonyesha njia ya miguu inayokwenda kwenye maporomoko ya Tana.

Tulilala kwake. Kulipopambazuka tukashuka.

Ngurumo niliisikia kabla sijaona maji. Mvua zilikuwa zimeanza mlimani, na Tana ulikuja mwekundu, mpana, ukajitupa kati ya majabali meusi hadi ardhi ikatetemeka chini ya nyayo. Nilijiambia hakuna samaki anayepita hapa. Kushuka labda, kama jiwe linavyoshuka. Lakini kama kweli wanazaliwa baharini, watoto wao wanarudije juu? Nilimuuliza Dokta Ruth swali hilo kwa kupiga kelele sikioni mwake. Akanyoosha mikono. Hilo ndilo alilokuwa hajawahi kuliona.

Mutua alikuwa amekwenda pembeni kujaza debe la maji ya gari, mahali ambapo mwamba ulisimama wima kama ukuta na maji yalitiririka juu yake kwa wembamba tu, yakilowesha kuvumwani. Tulimsikia akiita, si kwa hofu, kwa sauti ya mtu aliyeishiwa maneno.

Mwanzoni niliona ukuta una nyufa nyeusi. Kisha nyufa zikasogea.

Walikuwa wao. Watoto wa mikunga, wengi kupita hesabu, wembamba kama nyuzi za kusukia nywele, urefu wa kidole. Walikuwa wakipanda mwamba. Walijibandika kwa tumbo katika unyevu ule, wakajipinda, wakajisukuma, wakasonga, wakapumzika, wakasonga tena. Mmoja aliponyoka mbele ya uso wangu akaanguka mpaka chini kwenye povu. Nafasi yake ikachukuliwa na mwingine papo hapo. Juu kabisa, pale jiwe lilipojikunja, niliwaona wa mbele wakiteleza ndani ya maji tulivu na kuelekea mlimani.

"Subhana 'Llah," nikasema, na sikusikia sauti yangu.

Nimeshika vichwa vya watoto wengi vikitoka, na kila mara mwili hunisisimka. Lakini kwa wale nilishangaa ni nani anayewazalisha, nani aliyewaambia njia. Hawakuwa na mama mbele wala nyuma. Waliacha maji ya chumvi wasiyoyakumbuka, wakapita nchi ya joto na mamba, na sasa walikuwa wakipanda ukuta kuutafuta mto baridi ambao hawajauona. Dokta Ruth alipiga magoti kwenye tope. Alinyoosha kidole, mmoja akapanda juu yake, akavuka ukucha, akateremka upande wa pili na kuendelea na safari. Hakumtia alama. Mdogo kiasi kile hakuna chuma anachoweza kubeba.

Tulikaa pale mpaka jua lilipoukausha mwamba na safu zile zikajificha kwenye nyufa kungoja kivuli.

Wakati wa kurudi tulipita tena kijiji cha ng'ambo ya Nithi. Wanaume walikuwa kwenye kazi ya lazima, wakichimba handaki. Nilimwona Mutegi, jembe mkononi, askari kando yake. Kuongea naye hakukuruhusiwa. Mutua alipunguza mwendo.

"Mwambie wanapanda," Dokta Ruth akanisihi. "Mwambie watoto wanapanda."

Nilitoa kichwa dirishani nikapaza sauti kwa Kimeru: "Watoto wamefika Tana, wanapanda!"

Askari akanikazia macho. "Watoto gani?"

"Wa samaki," nikasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Mutegi hakuinua uso. Aliinua jembe, akalipiga ardhini, lakini mabega yake yalitikisika, na nikaona kicheko kikipita kimyakimya kutoka kwa mtu hadi mtu katika mstari ule mrefu.

Nyumbani Embu, baba aliniwekea maji ya kuoga, kisha akakaa kwenye kibaraza kungoja hadithi. Nilimweleza yote isipokuwa jina la kijiji. Nilimwambia kwamba nilikuwa nikidhani huku tumefungiwa, hakuna kinachoingia wala kutoka, kumbe chini ya kila daraja lililolindwa kulikuwa na wasafiri wakishuka na wengine wakipanda, na hakuna aliyewazuia.

Yeye aliijua bahari, alikuwa ameivuka akiwa askari. "Kwa hiyo hukufika baharini," akasema.

"Sikufika, baba. Niliikuta njiani, inapanda."