Maneno ya Maumivu Niliyomfundisha Mke Wangu

Kiingereza changu kilianzia jikoni. Miaka ile ya hamsini nilikuwa mpishi wa muuguzi Mwingereza, mgeni katika misheni ya Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, ambaye hakujua Kiswahili wala Kifaransa cha maana. Tulimwita Mamuzele, ndiyo mademoiselle ya Wafaransa, kwa kuwa hakuwa ameolewa. Alinyanyua kikombe, akakitaja. Akanyanyua sufuria, akaitaja. Baada ya muda nilijiona bingwa, nikawa natembea sokoni kifua mbele. Upuuzi mtupu! Nilijua vitu vya kushika kwa mkono tu. Tangu, bado, inazidi, labda: maneno kama hayo hayawekwi mezani ukayaona. Niliyaokota moja moja, nikimsikiliza akilalamika juu ya mvua na mkate wangu.

Kisha mama mkwe akateremka kutoka milima ya Fizi kwa miguu, mgonjwa, akafikia kwetu.

Kwetu, mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni, wala hasikii habari za mwili wake. Mkikutana njiani, unaingia majanini mpaka apite. Na pale Baraka hakukuwa na mwingine aliyeweza kumfasiria Mamuzele maneno ya mgonjwa isipokuwa mimi.

"Heri nikufe," mama mkwe alimwambia binti yake, "kuliko mukwe yangu asikie kile kinaniuma."

Mke wangu alinijia jikoni, macho makavu. "We unifundishe," akasema. "Mi ndiyo nitasema naye."

Hakuniambia ugonjwa ulikuwa wapi, nami sikuthubutu kuuliza. Basi nilimfundisha mwili mzima, kuanzia nywele hadi kucha, bila kuruka kitu, ili nisijue ni kipi hasa alichokihitaji. Nilitazama ukuta kwa aibu huku yeye akitwanga sombe, majani ya muhogo, na kunicheka. Maumivu tuliyatafuta kwenye ngozi zetu wenyewe. Alinifinya mkono: hii wanaiitaje? Akanisogezea kaa la moto: na hii? Alitaka neno la kuvimba, la kuwasha, la donda linalotoa maji, la maumivu yanayoondoka mchana na kurudi jioni. Mengine sikuwa nayo, nikaenda kumchokoza Mamuzele mpaka ayaseme. Mke wangu alikuwa na kichwa chepesi kuliko changu, na sijapata kumpenda kama siku zile. Mama mkwe alikuwa akikonda upande wa pili wa ukuta, akitusubiri tumalize.

Siku ya kwenda kwa Mamuzele, wao waliingia ndani, mimi nikakaa uani nimeupa mlango mgongo. Sikukusudia kusikiliza, lakini dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia mke wangu akisema bila kukwama: tangu mvua za kwanza, kwenye titi, linazidi, linatoa maji. Nilijivuna, Mungu anisamehe, nikajivuna kama siku zile za sokoni.

Mamuzele akampima mgonjwa. Kisha akazungumza taratibu, kwa maneno mepesi, ili mwanafunzi wangu asipotee. Alisema ugonjwa umeingia ndani sana. Hakuna dawa, wala kisu hakitasaidia tena. Apewe chakula kizuri, akae na watu wake. Nililielewa kila neno, na nilijua kwamba mke wangu naye amelielewa, kwa sababu yote alikuwa ameyapata kwangu.

"Anasema nini?" mama yake akauliza.

"Anasema utapona, mama. Ukule muzuri, upumuzike."

Mama mkwe akapaza sauti, akijua niko uani. "Umuambie bwana yako aksanti. Alikufundisha muzuri sana."

Nikajibu bila kugeuka kwamba tunashukuru. Nilijibu upesi mno, na nadhani alitambua.

Alikufa kabla mahindi hayajakauka. Mke wangu hakutamka tena neno hata moja la Kiingereza, hata pale watoto wetu walipoanza kuja na masomo yao wakiuliza hiki kinaitwaje na kile kinaitwaje. Aliwaambia wamngoje baba yao. Mpaka leo wanaamini mama yao hakuwahi kukijua.