Changarawe ya Nyuma ya Nyumba

Jirani wa mlango wa pili hakuwa mtu wa kulala na neno tumboni. Alikuja kuazima sindano, akavuta kigoda, akasema Mama Changarawe sasa akili zimemruka kabisa: anashinda kijitoni anaogesha mawe. Si kuosha, shoga, alisema, kuogesha hasa. Anayageuza kiganjani, anayamwagia maji taratibu, anayasugua mpaka mgongoni. "Kesho utasikia anayavalisha nepi," akamaliza, akacheka huku kashika mbavu.

Fundi cherehani aliyekuwa akiambiwa hayo hakucheka. Mwanawe mchanga alikuwa amelala mgongoni kwake, pumzi yake ikimpiga shingoni, na mezani mbele yake palikuwa na mifuko ya neti aliyokuwa akiipitisha mshono wa pili. Mwenye mifuko alikuwa huyo huyo Mama Changarawe. Alipoileta kazi hakueleza ni ya nini, na fundi hakuuliza. Tangu mama yule amzike mwanawe wa pekee, mvulana aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma, watu walikuwa wakimpisha njiani kama mtu aliyebeba kitu cha kuvunjika. Mumewe, dereva wa lori, aliondoka baada ya msiba, wala hakurudi. Sasa wameanza kumcheka. Fundi aliona uchungu, akakata uzi, akaamua mifuko ataipeleka mwenyewe.

Alimkuta amechuchumaa majini, sketi kaifunga mapajani, karai moja kushoto na chekeche kulia. Na kweli alikuwa akiogesha mawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumtazama kichaa?"

Fundi akamnyooshea mifuko.

"Kaa," yule mama akasema. "Kichaa mwenyewe hang'ati."

Akamweleza huku mikono ikiendelea na kazi. Zamani kijito kile kilijaa trauti, wale samaki wa maji baridi wenye madoa mekundu ubavuni. Trauti hatagi popote ila kwenye changarawe safi. Jike huichimba kwa mkia, akataga, akayafukia mayai yake, na huko chini mayai huvuta pumzi kwa maji yanayopenya kati ya jiwe na jiwe. Tope likiziba, yanakufa. Ndiyo maana lazima kila jiwe lioshwe. Lakini malori yalikuja miaka na miaka, likiwemo la mumewe, yakachota changarawe yote ya kujengea. Nusu ya sakafu za mtaa ule zimetoka mtoni, hata hiyo ya chumba cha fundi. Chini pakabaki mwamba na tope.

Bwana samaki, ofisa aliyepewa kazi ya kukifufua kijito, alikuwa amefanya alichoweza. Alizungusha uzio ili ng'ombe wasibomoe kingo, akapanda miti ya kivuli, akalaza magogo ili maji yapate vidimbwi. Kilichobaki kilikuwa changarawe, na ofisi yake ilimwambia asubiri msimu ujao. Hakumficha Mama Changarawe. Samaki waliosalia ni wachache na wamezeeka. Msimu huu wakikosa pa kutagia, huenda ujao asiwepo wa kutaga. Basi mama akaanza kupita nyumba kwa nyumba, akiomba mawe madogo ya mviringo yaliyotandazwa uani na kwenye maua, akiyabeba kwa mifuko ya neti ili tope lichujike. Waliotoa, walitoa. Walionyima walimpa jina.

Fundi akawa anateremka huko kila anapopata nafasi, mtoto mgongoni. Alipenda kazi ile kwa kuwa haikuwa na maneno mengi. Siku moja aliuliza, nao wateja wakitaka kujua anashona nini, aseme shuka za samaki? Mama Changarawe akamjibu kuwa shuka hawahitaji, aseme godoro. Wakacheka, na mara yule mama akakatisha kicheko, kama mtu aliyekumbuka kuwa hakupewa ruhusa ya kucheka.

Mtoto alipolia kutaka nyonyo, Mama Changarawe hakuwahi kuomba kumpakata. Alikuwa akigeuka akatazama maji mpaka mtoto ashibe. Fundi aliliona hilo tangu siku ya kwanza.

Kitanda cha changarawe kilipokamilika pale penye kona, mvua ikanyesha milimani kwa kishindo. Asubuhi wakakuta mwamba mtupu. Mawe yote yaliyoombwa mlango kwa mlango, yakaoshwa moja moja, yalikuwa yamezolewa na kutupwa kwenye tope la mabondeni, pasipofikika. Bwana samaki alivua kofia. Kisha akasema kosa ni lake, angelitangulia kulaza gogo la kuzuia. Siku iliyofuata alilileta na vijana wake wakalikita imara, ukingo hadi ukingo. Kizuizi kikawepo, sasa cha kuzuiwa ndicho hakipo. Walirudi kwenye nyua zile zile. Watu wakawaonyesha udongo mtupu; hata waliokuwa na moyo hawakuwa na jiwe. Jirani wa mlango wa pili, ambaye safari hii hakucheka, alileta kopo moja la mawe aliyoyang'oa kwenye kitalu chake cha maua.

Maji yakapoa. Trauti wakapanda kijito kuja kutaga.

Fundi ndiye aliyemwona wa kwanza, jike kubwa, juu kidogo ya gogo jipya. Alikuwa amelala ubavu, anapiga mkia chini, anapiga, anapumzika, anapiga tena. Palikuwa mwamba. Halikuruka hata jiwe moja. Ncha ya mkia wake ilikuwa imechubuka ikawa nyeupe, na bado alizunguka, akarudi pale pale, akalala ubavu, akaanza upya.

"Anatandika," alisema Mama Changarawe kwa sauti ndogo. "Hana cha kutandika."

Akatoka majini bila kuchukua karai. Fundi akamfuata hadi nyumbani kwake, wakapita chumba kimoja ambamo kitanda kidogo kilikuwa bado kimetandikwa, wakatokea nyuma. Hapo palikuwa na kaburi fupi. Juu yake, kutoka kichwani hadi miguuni, ilirundikwa changarawe nyeupe laini, kila jiwe kadiri ya yai, imepangwa kwa mkono. Fundi alielewa kabla hajaambiwa.

Mama Changarawe alisema baba wa mtoto aliichagua mwenyewe, siku tatu ndani ya maji, asiongee na mtu. Ndiyo iliyokuwa ya mwisho nzuri kijitoni. Mtoto alikuwa na tabia ya kulala kifudifudi ukingoni kuwangoja samaki, na mara ya mwisho kutembea kwa miguu yake alimuuliza, mama, wamehamia wapi. Yeye akamjibu watarudi. Jana yeye mama alishika jiwe moja la hapo kaburini, akaliinua, akalirudisha. Leo alfajiri vile vile.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Fundi alijaribu kusema labda ofisi italeta, labda tungoje kidogo, lakini alimkumbuka yule jike na mkia wake mweupe. Mgongoni mtoto aliamka akaanza kuguna. Mama Changarawe akanyoosha mkono, kwa mara ya kwanza akamgusa unyayo, akaufumbata.

"Kesho asubuhi njoo na mifuko mingine ya neti," alisema. "Uje na huyu, nisikie sauti ya mtoto hapa. Mimi nitakaa pale mlangoni, wewe utoe changarawe. Na nikikuambia acha, mwanangu, usiache."