Babu Alikuwa wa Jeshi Gani

Picha ya babu, baba wa baba yangu, ilikuwa ukutani kwetu, mtaa wa Buyenzi, tangu kabla sijaolewa. Amesimama wima, koti la kijeshi, mistari mikononi, medali kifuani, filimbi shingoni, miguu mitupu. Baba alituambia alikuwa askari. Wa nani, hakusema. Wengine wetu tukasema wa Wajerumani, wengine wa Wabelgiji, na kila Idi wageni walipewa habari hiyo pamoja na maandazi.

Halafu vita vikaingia mjini. Wanajeshi walikuwa wakizingira mtaa asubuhi na kupita nyumba kwa nyumba, wakitafuta bunduki na nguo za jeshi. Barabara ya nyuma yetu walimkuta mwanamume na kofia ya kijeshi aliyoinunua kwenye mitumba. Walimchukua. Mke wake alikuwa bado anauliza alipo.

Mwanangu wa kwanza, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa mpakiaji kwenye bohari kule Zone Industrielle, kwenye viwanda. Aliposikia hayo alirudi nyumbani akasimama mbele ya picha, hata viatu hajavua.

"Mama, hii tuichome."

"Anza na nyumba."

"Mi sichezi. Wakiuliza huyu ni askari wa nani, utajibu nini?"

Hata mimi sikujua ni wa nani, na hilo ndilo lililoniudhi. Babu hana picha nyingine. Niliiteremsha nikaiweka chini ya godoro, nikashindwa kulala juu yake. Nikaihamishia kwenye gunia la mchele, kisha nyuma ya kabati. Milio ya bunduki ikisikika huko milimani, naacha chungu jikoni naenda kutazama kama ipo. Mwisho nikaona ni upumbavu. Kitu kilichofichwa kikikutwa, kimekwisha kukushtaki. Afadhali kiwe ukutani na mimi niwe na la kusema.

Nikaifunga kwenye kitenge, nikaenda kwa shangazi, kitinda mimba wa huyo huyo babu. Nilimkuta anachambua mchele.

"Shangazi, baba yako alikuwa askari wa nani?"

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Askari? Baba alikuwa anaita jirani amchinjie kuku. Yeye anageuza uso."

"Na nguo hizi?"

"Huyo jenerali. Jenerali wa beni."

Beni nilikuwa nimeisikia tu. Zamani vijana wa mitaa ya Waswahili walikuwa na vyama vya ngoma, wanavaa kama wanajeshi wa Kizungu, wanapeana vyeo, wanaandamana na tarumbeta kushindana na chama cha barabara nyingine. Shangazi aliipakata picha, akaanza kuonyesha kwa kidole. Medali ni vifuniko vya makopo ya rangi ya viatu, mama yake ndiye aliyevisugua kwa majivu. Mistari ni karatasi ya dhahabu ya pakiti za sigara, imegandishwa kwa uji wa muhogo.

"Tazama, mkono huu mitatu, huu miwili. Mvua iliwakuta njiani. Na wale wenzetu walikuwa na admirali wao. Admirali gani huyo, ziwa liko hapa na kuogelea hajui."

"Mbona baba alituficha?"

"Babu yenu alitubu, akawa muadhini. Kaka zangu wakaona aibu, mutu wa msikitini alikuwa anacheza barabarani. Wakasema askari. Mi nikaambiwa ninyamaze. We ndiye wa kwanza kuniuliza."

Nyumbani niliipeleka picha dirishani. Kwenye ukingo wa medali moja palikuwa na pengo la kufungulia kopo. Miaka yote nimeifuta vumbi, sikuliona. Nikaitundika palepale.

Nilipomweleza, mwanangu alinuna. "Bora angekuwa askari wa kweli. Kazini wote wanajua babu yetu alikuwa askari."

"Na juzi ulitaka kumchoma."

Wanajeshi walikuja kwetu asubuhi moja, kabla ya chai. Mmoja, kijana tu, aliinua godoro, akakoroga mchele kwa mkono, akasogeza kabati. Kisha akatazama ukuta.

"Huyu ni nani?"

"Babu yangu."

"Jeshi gani?"

Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono juu, anatazama sakafu.

"Jeshi la ngoma," nikasema. "Medali zake ni vifuniko vya rangi ya viatu. Sogea utaona pengo la kufungulia."

Alisogea, akamwita mkubwa wake. Mkubwa alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Alipigana na nani?"

"Na watu wa barabara nyingine. Kwa nyimbo."

"Nani alishinda?"

"Shangazi yangu anasema sisi. Lakini na wao wana shangazi zao."

Hakucheka. Aliigusa fremu kwa ncha ya bunduki, ikakaa upande. "Bibi, iteremshe. Atakayekuja kesho labda hatauliza."

Wakaenda kwa jirani. Tuliwasikia wakiburuta meza yake.

Nilijua mwanangu ataishusha. Alishusha mikono yake kwanza, akaenda ukutani, akainyoosha fremu, akarudi nyuma kuangalia kama imekaa sawa.

"Hiyo filimbi," akasema. "Shangazi yako anakumbuka alikuwa anaipiga vipi?"

"Kamuulize. Barabara ikifunguliwa."