Vitunguu vya Bibi Maureen

Nafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee huko Granville. Kila mwezi wa nne, mvua ikishanyesha, mtunza bustani wetu hukusanya majani yaliyopukutika na kuyarundika karibu na mlango wa jikoni. Yakilowa hutoa harufu tamutamu, kama chai iliyosahauliwa ndani ya birika. Wenzangu wanaipenda. Mimi hubana pumzi mpaka nipite. Niwaeleze kwa nini, maana nimekaa na jambo hili miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nikilikana hata moyoni mwangu.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumefika Sydney miezi michache tu kabla, kutoka kambini Kigoma nilikozaliwa. Wazazi wangu ni watu wa Fizi, Kongo. Tulipata nyumba ndogo ya matofali Doonside, yenye uwanja nyuma ambao Mama aliuita lupango, na uzio mfupi wa mbao kati yetu na jirani. Baba alikuwa ameanza kazi ghalani. Mdogo wangu Sifa alikuwa na miaka minne, na alikula upesi kana kwamba sahani ingeota miguu ikimbie.

Kwa jirani kulikuwa na mti mkubwa kuliko yote ya mtaa ule, na matawi yake yalivuka uzio hadi kwetu. Tulipofika ulikuwa wa kijani. Mwezi wa nne ukaanza kugeuka. Kwanza ncha za juu zilikuwa za manjano, kisha rangi ya chungwa ikashuka chini, kisha nyekundu ya pilipili iliyoiva kabisa, na upande mmoja zambarau ya bilinganya. Majani yalikuwa na ncha tano kama nyota. Sifa aliyavaa kichwani. Mimi niliyapanga dirishani. Mama aliyatazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Ule muti unakufa," alisema. "Na hakuna mutu anaujali."

Basi kila asubuhi akawa anapitisha mpira wa maji juu ya uzio na kuunywesha mti wa watu. Siku ya nne akatokea mwanamke mzee mwenye kofia ya ukindu na viatu vya mpira vilivyomfika magotini. Alitazama maji, akamtazama Mama, akacheka mpaka akaushika uzio. Nikaitwa kutafsiri. Mti hauumwi, alisema yule bibi, unajiandaa kulala tu, baridi ikiisha utaamka. Mama aliitikia kwa adabu, na kesho yake akaunywesha tena.

Ndivyo tulivyomjua Bibi Maureen. Aliishi peke yake. Binti yake alikuja Jumapili moja moja. Alimwonyesha Mama kwamba hapa majira ya majani kupukutika ni majira ya kupanda pia: kabichi, njegere, vitunguu saumu. Mama naye, aliyekuwa akiotesha lengalenga ndani ya magunia kule kambini, alimwonyesha jinsi ya kupiga matuta maji yasisimame. Mchana nikitoka shule niliwakuta wawili hao wameinama, kila mmoja upande wake wa uzio, wakiongea lugha mbili kwa wakati mmoja na kuelewana nusu. Nusu iliyobaki ilipita mdomoni mwangu.

Nilipenda sana kazi ile. Watu wazima wawili wananyamaza, wananisubiri mimi. Mama alinionya mara nyingi: "Esta, kama hukusikia muzuri, uliza tena. Usiongeze ya kwako." Nilikubali. Lakini kuuliza tena kulinitia aibu. Shuleni walikuwa wakinicheka kwa kuuliza, na pale kwenye uzio, angalau pale, nilitaka kuwa mtu anayejua.

Ijumaa moja Bibi Maureen alitupatia mfuko wa karatasi uliojaa. Alikuwa amevichimba bustanini kwake: vidude vya mviringo, vyenye ganda la kahawia linalomenyeka. Akasema ni bulbs. Mimi nilijua balbu moja tu, ile ya taa. Akaendelea, haraka, huku akijifuta udongo mikononi. Nilishika kwamba vipandwe sasa. Nilishika neno watoto. Mwisho akasema make you, yaani vitawafanya, halafu neno fulani, na nikasikia cook, pika.

"Anasema nini?" Mama akauliza.

"Ni vitunguu. Anasema vingine tupande, vingine tupike."

Bibi Maureen alitabasamu, kwa kuwa aliamini nimeyasema yake. Mama alitabasamu pia. "Mwambie asanti sana," alisema, nami nikamwambia.

Siku ya pili, Jumamosi, Mama alipanda nusu ya mfuko kando ya njegere. Nusu nyingine aliikatakata na kuikaanga, akaimwagia maharagi yaliyokuwa yamechemka tangu asubuhi. Nakumbuka alionja, akakunja uso, akaongeza chumvi. "Vya kizungu ni vikali," alisema. Mimi nilikula vijiko vitatu kwa sababu ya uchungu. Sifa alimaliza sahani yake akaomba ya pili.

Haikupita nusu saa. Mama ndiye aliyeanza kutapika, kisha mimi, kisha Sifa, naye hakuacha. Udenda ulimtoka mfululizo. Alitapika mpaka hakuna kitu tena, na bado mwili wake mdogo ulikuwa ukijikunja. Kisha akalegea mikononi mwa Mama, midomo imekauka, macho nusu wazi. Baba alikuwa kazini, simu yake imefungiwa kabatini huko. Kwa simu ya Mama nilipiga sifuri tatu, namba ya dharura ya huku, na kwa mara ya kwanza niliulizwa maswali niliyoyaelewa yote, maana yule mama wa kwenye simu aliongea taratibu na mimi sikuona aibu yoyote.

Hospitali walimwekea Sifa dripu kwenye mguu. Daktari alimpigia mkalimani, na sauti ya mwanaume wa Tanzania ikatoka kwenye simu iliyowekwa juu ya kitanda. Tulikuwa tumekula mizizi ya maua, alisema, maua ya manjano yanayochomoza baridi inapoisha. Yana sumu.

"Jirani alitupatia," Mama alijibu. "Alisema tupike. Muulize mutoto, yeye alisikia."

Daktari akanigeukia. Nilikuwa nimeshaanza kutilia shaka. Nilikumbuka uso wa Bibi Maureen alipotamka lile neno, ulikuwa uso wa kuonya, si wa kualika. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, alisema tupike.

Sifa alipona. Siku ya tatu tulirudi nyumbani, na kabla hajavua viatu Mama alikwenda kwenye matuta, akafukua vile vyote alivyopanda, akavirusha kimoja kimoja upande wa pili wa uzio. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Jioni Bibi Maureen alikuja mlangoni na keki. Hakuwa na kofia, na nywele zake zilikuwa chache kuliko nilivyodhani.

"Mwambie asirudi tena hapa," Mama alisema. "Mwambie Mungu amemuona."

Hayo niliyatafsiri bila kukosea hata neno moja.

Bibi Maureen akanitazama. "Esta, mpenzi," alisema polepole kwa Kiingereza chake, "ulimwambia mama yako nilichokisema?"

Nilitazama keki. Aliendelea kunitazama, na nikaona anaelewa, kama mtu anayewasha taa chumbani na kukuta kila kitu kilipo. Angeweza kumwita mkalimani. Angeweza kumleta binti yake. Akasema tu, "Ni kosa langu. Ilinipasa niandike." Akaniagiza nimwambie Mama hivyo, nami nikamwambia, na Mama akafunga mlango.

Sijawahi kupata nafuu kama ile, na sijawahi kuionea haya nafuu nyingine kama ile. Kwa miaka mitatu iliyofuata nilipita njia ya nyuma nikienda shule. Yeye akiniona mbali alikuwa anapunga mkono. Kisha tulihamia Mount Druitt.

Nikiwa na miaka kumi na nne, mwalimu wetu wa michezo alikaa chini kando ya uwanja akasema hawezi kukimbia leo, anajisikia crook. Nikamuuliza maana yake. Mgonjwa, alisema, ndivyo wasemavyo wazee wa hapa. Vitawafanya muwe wagonjwa. Hilo ndilo lilikuwa neno.

Bado sikusema. Nilimwambia Mama mwaka jana, tukimenya viazi jikoni kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kisu chini.

"Nilimuombea mabaya," alisema. "Miaka yote ile." Kisha akasema, "Na wewe, ni mimi nilikupa mudomo ya mutu mukubwa."

Jumapili iliyofuata tulipanda treni kwenda Doonside. Bibi Maureen alikuwa ameshafariki. Binti yake ndiye anayeishi pale. Nilifungua mdomo nianze kueleza, Mama akanigusa mkono ninyamaze. Akasema mwenyewe, kwa Kiingereza alichokiokota miaka hiyo yote akifua mashuka ya wagonjwa: mama yako alikuwa mtu mzuri, mimi nilisema vibaya, nisamehe.

Binti alitutazama kwa mshangao. Alikumbuka familia ya Kiafrika ya jirani. Mama yake alikuwa akituulizia mpaka siku zake za mwisho. Lakini habari ya sumu hakuijua. "Mama hakuwahi kuniambia kitu chochote," alisema.

Njia nzima ya kurudi Mama alitazama nje ya dirisha la treni. Mimi nilikuwa nikimfikiria mwanamke mmoja mzee, akiwa ameketi na binti yake Jumapili baada ya Jumapili, akijua kwamba nyumba ya pili inaamini aliilisha sumu makusudi, na anachotakiwa kufanya ili ajitoe ni kutaja jina la mtoto wa miaka tisa. Hakulitaja.